Nani Kawahi? Kengele za Chemsha Bongo za Kutengeneza Nyumbani

Kila familia inayocheza chemsha bongo hufika kwenye swali moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya maswali: nani kawahi? Mwuliza maswali anasoma, "Mto gani mkubwa unatoka Ziwa Victoria kuelekea kaskazini?" Mikono miwili inapiga meza, sauti mbili zinatamka "Nile!" kwa pamoja, na hapo hapo mabishano yanaanza. Upande huu unaapa, upande ule unaapa, babu anaombwa aamue ilhali alikuwa anakoroga sukari kwenye chai yake. Mara nyingi pointi huenda kwa mwenye sauti kubwa, au kwa mkubwa wa umri. Mtoto wa miaka tisa, ambaye pengine ndiye aliyewahi kweli, hana ushahidi wowote wa kuonyesha.

Ndiyo maana wazazi, walimu na vijana wanaoandaa michezo ya Idd, ya Krismasi au ya likizo huuliza kila mara: je, tunaweza kujitengenezea kengele kama zile za kwenye televisheni, zinazoonyesha aliyebonyeza kwanza? Mnaweza. Ya watu wawili, au ya pande mbili, hutengenezwa kwa vifaa vinavyouzwa katika duka la vipuri vya magari. Ya watu wengi zaidi inahitaji kompyuta ndogo ya bei nafuu na programu fupi. Sura hii inaeleza zote mbili, na inaeleza jambo ambalo wengi hulisahau baada ya kufunga nyaya: namna ya kuhakikisha kwamba kifaa chenyewe hakimpendelei mtu.

Kwa nini macho hayatoshi

Tuanze na kipimo kimoja. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtu mwenye afya anayesubiri taa iwake ili abonyeze kitufe huhitaji takriban robo ya sekunde, yaani milisekunde 200 hadi 250. Akisubiri mlio badala ya mwanga, huwa anawahi kidogo. Ndugu wawili wa rika moja, wote wakiwa wanajua jibu, watapishana kwa milisekunde 10, 20 au 30. Hakuna jicho linaloweza kuamua pengo kama hilo kati ya mikono miwili iliyo pande mbili za meza.

Wengine husema, basi turekodi kwa simu. Video ya kawaida ya simu hupiga picha 30 kwa sekunde, yaani kati ya picha moja na inayofuata kuna takriban milisekunde 33. Mikono iliyopishana kwa milisekunde 20 inaweza kuonekana kwenye picha ileile moja ikiwa yote miwili imeshagusa meza. Simu, pamoja na ujanja wake wote, itawarudisha kwa babu.

Umeme hauna shida hiyo. Swichi hata ya bei ya chini kabisa ikigusana, mkondo unapita mara moja.

Kazi ya kengele ni kufunga mlango

Watu wengi wakisikia neno kengele hufikiria mlio. Wananunua kengele mbili za mlango, moja kila upande, wanazifunga, na mchezo unapoanza zinalia zote mbili kwa pamoja. Wamepata kelele, lakini swali la nani kawahi liko palepale.

Kinachohitajika ni mlango mwembamba unaopitisha mtu mmoja, ambao anayeingia anaufunga kwa komeo kutoka ndani. Aliyechelewa hata kwa kiasi kidogo sana anakuta umefungwa. Kifaa cha chemsha bongo lazima kifanye mambo matatu:

- kumtambua aliyebonyeza kwanza;
- kumfungia nje kila mwingine papo hapo;
- kukumbuka mshindi, hata akiachia kitufe, hadi mwuliza maswali afute.

Mlio na taa ni tangazo tu la uamuzi ambao umeshafanyika. Ukielewa hivyo, kazi iliyobaki ni ya kuunganisha nyaya kwa uangalifu.

Rilei mbili za gari

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Ndani yake kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita kwenye koili, inakuwa sumaku na kuvuta mkono mdogo wa chuma, nawe unasikia "tik". Mkono huo ukiwa umetulia unagusa upande mmoja, na ukivutwa unahamia upande wa pili. Rilei ndiyo inayowasha honi na taa kubwa za gari, kwa hiyo fundi umeme wa magari wa mji wowote anaifahamu, na duka la vipuri linayo.

Nunua mbili za volti 12 zenye miguu mitano. Tazama chini yake, utaona namba zimeandikwa kando ya kila mguu:

- 85 na 86 ni ncha mbili za koili;
- 30 ni mkono unaohama;
- 87a ni mahali mkono unapogusa ukiwa umetulia;
- 87 ni mahali unapogusa ukiwa umevutwa.

Hakikisha kweli umeona 87a. Zipo rilei za miguu minne zisizokuwa nayo, na zipo za miguu mitano zenye 87 mbili badala ya 87 na 87a. Kwa macho ya haraka zinafanana kabisa, ila kwa kazi yetu hazifai.

Vifaa vingine ni vitufe viwili vya kengele ya mlango (vile vinavyorudi vyenyewe ukiachia, si swichi ya taa ya chumbani), taa mbili za LED za rangi tofauti, rezista mbili za kilo-ohm 1, dayodi mbili za aina ya 1N4007, swichi moja ya kuzimia na fyuzi ya ampea 2. Rezista ni kipande kinachopunguza mkondo, na bila hiyo LED inaungua. Dayodi ni kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Umeme utatoka kwenye adapta ya volti 12 inayotoa ampea 1 au zaidi. Adapta nyingi za ruta za intaneti ni za aina hiyo. Soma maandishi yaliyo mgongoni kwake. Koili ya rilei ya gari kwa kawaida ina ohm 80 hadi 100, hivyo inakula milliampea 120 hadi 150, na adapta hiyo inaimudu bila jasho.

Sasa unganisha. Nitaziita rilei Kushoto na Kulia.

1. Waya chanya kutoka kwenye adapta upitie fyuzi, kisha swichi ya kuzimia, kisha ugawanyike kwenda kwenye mguu 30 wa rilei zote mbili.
2. Mguu 87a wa rilei Kushoto uende kwenye kitufe cha Kulia. Mguu 87a wa rilei Kulia uende kwenye kitufe cha Kushoto. Hapa ndipo nyaya zinapopishana, na ndipo siri yote ilipo.
3. Ncha ya pili ya kila kitufe irudi kwenye mguu 86 wa rilei yake mwenyewe.
4. Katika kila rilei, unganisha mguu 87 na mguu 86 wa rilei hiyohiyo.
5. Miguu 85 yote miwili iende kwenye waya hasi.
6. Kwa kila rilei, taa ya LED ikiwa na rezista yake iwekwe kati ya mguu 87 na waya hasi.
7. Dayodi moja iwekwe kati ya 85 na 86 ya kila rilei, mstari wake mweupe ukielekea 86.

Tuufuate umeme. Kabla ya mtu kubonyeza, mikono yote miwili imetulia. Umeme unaingia kwa 30 ya Kulia, unatoka kwa 87a, unafika kwenye kitufe cha Kushoto na kusubiri. Upande wa pili ni vivyo hivyo. Kila mshiriki anapata umeme wake kwa ruhusa ya mpinzani wake.

Shangazi, aliyeketi kushoto, anabonyeza. Umeme unapita kwenye kitufe chake hadi koili ya rilei Kushoto. Mkono unavutwa. Kwanza unaiacha 87a, na papo hapo kitufe cha Kulia kinakosa umeme. Binamu, aliyeketi kulia, anaweza kukibonyeza hadi kesho. Kisha mkono unagusa 87, ambayo tumeiunganisha na koili yenyewe, kwa hiyo rilei sasa inajilisha. Shangazi akiachia kitufe, taa yake inabaki imewaka. Itazimika pale tu mwuliza maswali atakapozima swichi kuu na kuiwasha tena, na hapo pande zote zinaanza upya zikiwa sawa.

Dayodi ya namba 7 inahitaji maelezo. Koili inapokatiwa umeme hutema mshtuko mfupi wa volti nyingi kuelekea kinyume. Mshtuko huo hutoa cheche kwenye swichi ya kuzimia na polepole huila. Dayodi inaupa njia ya kuzungukia na kuishia ndani ya koili. Mchezo utaenda hata bila dayodi, ila swichi hiyo haitadumu. Ukiigeuza, yaani mstari wake ukaelekea 85, fyuzi inaweza kukatika mara tu kitufe kitakapobonyezwa. Fyuzi ikikatika hivyo, chunguza dayodi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wanaotaka mlio, kengele ndogo ya volti 12 huwekwa sambamba na taa, chanya yake kwenye 87. Chagua mbili zenye milio tofauti, ili hata anayetazama pembeni ajue ni upande gani.

*Kwa ufupi: umeme wa kila kitufe unapita kwenye rilei ya mpinzani, rilei iliyovutwa kwanza inaukata umeme wa mwenzake na kujilisha yenyewe.*

Mtego wa mtu wa tatu

Mara kifaa cha watu wawili kinapofanya kazi, mtu wa tatu atataka kuingia. Wengi hujaribu njia inayoonekana ya akili: wanapitisha umeme kwenye 87a za rilei zote kwa mnyororo, ya kwanza hadi ya mwisho, halafu wanaupeleka kwenye vitufe vyote kwa pamoja. Rilei yoyote ikivutwa, mnyororo unakatika na vitufe vyote vinakufa. Kwenye karatasi inapendeza.

Kwenye meza, rilei inanguruma badala ya kufunga. Sababu ni kwamba rilei ya aliyebonyeza nayo ni sehemu ya mnyororo. Mkono wake unapoiacha 87a, unakata umeme unaoivuta yenyewe, kabla haujafika 87. Unarudi, unapata umeme, unavutwa, unakata tena, mara nyingi kwa sekunde. Kengele za umeme za zamani za milango na za shule zililia kwa kanuni hiyohiyo; waliozibuni walitaka mngurumo huo, sisi hatuutaki.

Kuna tiba, kama kuweka kapasita (kipande kinachohifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi) sambamba na kila koili ili imalizie safari ya mkono. Lakini hapo linazuka tatizo la pili: aliyeshinda akiendelea kushikilia kitufe, umeme unarudi kinyume kupitia kitufe hicho na kuwaamsha wengine, kwa hiyo kila kitufe nacho kinahitaji dayodi yake. Nyaya zinaongezeka, makosa yanaongezeka. Ushauri wangu ni kwamba rilei zibaki kwa pande mbili, ambazo ndizo familia nyingi huzihitaji: wanaume kwa wanawake, watoto kwa wazazi, Mombasa kwa Nairobi. Kila timu inaweza kuzunguka kitufe kimoja. Wakizidi pande mbili, hamia kwenye Arduino.

Arduino: mlinzi anayezunguka bila kuchoka

Arduino ni bodi ndogo yenye kompyuta ya chipu moja, iliyobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005 ili wanafunzi wasiokuwa wahandisi waweze kutengeneza vifaa vya umeme. Unaiandikia programu kwenye kompyuta ya kawaida, unaihamisha kwa kebo ya USB, kisha bodi inafanya kazi peke yake. Aina inayofahamika zaidi, Uno, ina chipu inayokwenda kwa megahezi 16, yaani mapigo milioni 16 kila sekunde. Utaipata katika maduka ya vifaa vya elektroniki, kama yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, au kwa wauzaji wa mtandaoni.

Hapa vitufe haviungani tena. Kila kitufe kina nyaya mbili: mmoja unakwenda kwenye pini ya bodi, mwingine kwenye pini ya hasi, iliyoandikwa GND. Kila taa ina pini yake, pamoja na rezista ya ohm 330. Mwuliza maswali ana kitufe chake, na pini moja inakwenda kwenye piezo, kipande bapa kinachotoa mlio. Pini 0 na 1 tunaziacha kwa ajili ya mawasiliano na kompyuta. Zinabaki 18, ukihesabu na zile zilizoandikwa A0 hadi A5. Hizo zinatosha washiriki 8 kamili: vitufe 8, taa 8, kitufe cha mwuliza maswali na mlio.

Programu yenyewe, kwa maneno ya kawaida, inasema hivi:

1. Subiri mwuliza maswali abonyeze kitufe chake.
2. Hakikisha vitufe vyote vya washiriki vimeachiwa.
3. Zungukia vitufe, kimoja baada ya kingine, bila kupumzika.
4. Ukikuta kimoja kimebonyezwa, acha kuzunguka, washa taa yake, piga mlio wake.
5. Usimsikilize mwingine hadi mwuliza maswali abonyeze tena.

Hatua ya 2 ni muhimu kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, mjanja atashikilia kitufe muda wote, na kila swali likifunguliwa atakuwa mshindi wa kwanza.

Kusoma kitufe kimoja huchukua mikrosekunde chache tu, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mzunguko wa vitufe 8 unakwisha kabla ya milisekunde moja kupita, tena unakwisha mara nyingi. Watu wawili waliopishana kwa milisekunde 2, bodi inawatofautisha bila shaka yoyote. Rilei haifikii hapo: mkono wake wa chuma huhitaji milisekunde kadhaa, hadi 10 hivi, kuhama, na wawili wakibonyeza ndani ya muda huo inawezekana taa zote mbili ziwake. Kwa kifaa cha rilei, wekeni kanuni mapema kwamba taa mbili zikiwaka pamoja, swali linafutwa na kuulizwa jingine.

Waliojifunza kidogo kuandika programu wataniuliza habari za kudunda kwa kitufe. Vipande vya chuma ndani ya kitufe vinapogongana havitulii mara moja. Vinagusana na kuachana mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. Katika kifaa cha kuhesabu, mbonyezo mmoja huweza kuhesabiwa kuwa mitano, na dawa iliyozoeleka ni kuiambia programu ipumzike milisekunde 50 kisha isome tena. Katika chemsha bongo dawa hiyo ni sumu. Bodi iliyolala milisekunde 50 ikiamka inaweza kukuta watu watatu wamebonyeza, na itampa ushindi yule ambaye pini yake inasomwa kwanza, hata kama ndiye aliyechelewa kuliko wote. Hapa tunahitaji mguso wa kwanza pekee, na baada ya mguso huo mlango umefungwa, kidunde kitakavyo.

Jambo la mwisho kwa Arduino ni nyaya ndefu. Bodi ina rezista za ndani zinazoishikilia pini katika hali ya "hakijabonyezwa", lakini ni dhaifu, ohm 20,000 hadi 50,000. Waya wa mita nne au tano unaopita karibu na waya wa jokofu huokota vurugu za umeme, na taa huwaka bila mtu kugusa kitu. Weka rezista ya kilo-ohm 1 kati ya kila pini ya kitufe na pini ya volti 5, na tatizo hilo kwa kawaida huisha.

*Kwa ufupi: bodi huzungukia vitufe kwa kasi kubwa, hufunga kwa mguso wa kwanza, na haipaswi kulala hata kidogo wakati inasubiri.*

Anayebonyeza kabla swali halijaisha

Kifaa kikishakuwa tayari, mchezo huleta swali jipya: je, mtu aruhusiwe kubonyeza kabla swali halijamalizika kusomwa? Vipindi vikubwa vya dunia vimejibu kwa njia mbili tofauti.

College Bowl, kipindi alichokianzisha Don Reid kwenye redio ya NBC nchini Marekani mwaka 1953, kilijengwa juu ya mbio za kubonyeza. Uingereza iliuchukua mtindo huo mwaka 1962 kwa jina la University Challenge. Wasomaji wa Afrika Mashariki wataukumbuka kupitia Celtel Africa Challenge, baadaye Zain Africa Challenge, shindano la vyuo vikuu lililoongozwa na John Sibi-Okumu wa Kenya. Katika University Challenge unaweza kumkatiza mwuliza maswali, lakini ukikosea timu yako inapoteza pointi 5. Ujasiri una bei yake.

Jeopardy! ya Marekani ilikwenda njia nyingine. Iliporudi hewani mwaka 1984 ikiongozwa na Alex Trebek, mshiriki aliweza kubonyeza mara swali linapofunuliwa. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa: lazima usubiri swali lisomwe lote. Taa zilizo pembeni ya ubao wa maswali huwaka kuashiria kwamba vitufe vimefunguliwa, na anayebonyeza kabla yake anafungiwa kwa robo ya sekunde. Robo ya sekunde ni adhabu ndogo kwa kuisikia, lakini kama tulivyoona, ni muda wote ambao mtu mzima huhitaji kuitikia taa. Kwa wapinzani walio macho inatosha kumpoteza.

Kwenye Arduino kanuni hiyo ni mistari michache ya nyongeza: kitufe kikibonyezwa kabla ya mwuliza maswali kufungua, kifungie kwa milisekunde 250. Kwa meza yenye watoto na watu wazima pamoja, mimi nachagua njia ya Jeopardy! bila kusita. Mtoto huhitaji kulisikia swali lote ndipo alielewe, ilhali mjomba mwenye magazeti ya miaka thelathini kichwani huligundua jibu kwenye neno la nne. Swali likisomwa hadi mwisho, wote wawili wanaanza mstari mmoja. Kwa vijana wa sekondari wanaojiandaa na mashindano, njia ya kukatiza na kulipa pointi 5 inanoa zaidi.

Kipime kabla ya kukiamini

Kifaa kinachoamua kati ya watu lazima kipimwe mbele ya watu hao. Kipimo changu kinahitaji rula tu. Weka vitufe viwili kando kwa kando, laza rula juu ya vyote, na ubonyeze katikati ya rula ili vishuke pamoja. Rudia mara 20, ukiandika taa iliyowaka. Matokeo kama 11 kwa 9 au 12 kwa 8 hayana tatizo. Upande mmoja ukishinda mara 18, kuna kasoro ya kutafuta.

Kuipata si kazi ngumu. Badilishanisha nyaya za vitufe viwili hivyo kwenye boksi, kisha rudia. Ushindi ukihama pamoja na kitufe, kitufe hicho kinagusa mapema kuliko mwenzake, pengine kwa sababu safari yake ya kushuka ni fupi. Ushindi ukibaki kwenye taa ileile, kasoro iko ndani ya boksi: rilei moja ni nyepesi kuliko nyingine, au programu inalala mahali fulani. Ndiyo maana nasisitiza vitufe vyote vinunuliwe duka moja, aina moja, siku moja.

Upo upendeleo mwingine ambao hauko ndani ya kifaa, nao ni wa mahali pa kukaa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyekaa mita 3 karibu zaidi na mwuliza maswali husikia neno la mwisho milisekunde 9 kabla ya mwenzake, na milisekunde 9 zinatosha kushinda. Umetengeneza kifaa kinachotofautisha milisekunde 2, kisha ukampa mtu mmoja zawadi ya 9 kwa kiti tu. Weka mwuliza maswali mahali ambapo umbali wake kwa kila kitufe ni sawa, na washiriki wabadilishane viti katikati ya mchezo.

Boksi, nyaya na usalama

Rilei na fyuzi zikae kwenye boksi la plastiki. Kitufe hukaa vizuri kwenye kopo tupu la majarini lililogeuzwa, lenye mchanga kidogo ndani ili lisiteleze watoto wakilipiga. Nyaya za kebo ya mtandao iliyobaki baada ya kufunga intaneti zinafaa sana: ndani yake mna nyaya 8 za rangi tofauti, na kila kitufe kinahitaji 2 tu. Maungio yalehemiwe, yaani yaunganishwe kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha yafunikwe kwa utepe wa umeme; waya uliosokotwa kwa vidole utaachia katikati ya fainali. Fundi redio wa mtaani atakufanyia kwa dakika chache ikiwa huna chuma cha kulehemu.

Mahali ambako umeme hukatika, betri ya pikipiki ya volti 12 itaendesha kifaa cha rilei kwa saa nyingi. Lakini betri hiyo, nyaya zake zikigusana, hutoa mkondo wa kutosha kuyeyusha waya na kuwasha moto, kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri.

Na usipitishe kamwe umeme wa ukutani kwenye vitufe. Ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, unaua, na vitufe hivi vitashikwa na watoto wenye mikono iliyolowa soda. Adapta ibaki mbali kwenye soketi yake, na kwenye meza ifike volti 12 au 5 tu.

Kabla ya kufunga boksi, chora mchoro wa nyaya kwenye karatasi, andika namba za miguu na rangi za waya, na uubandike ndani ya kifuniko. Ipo siku waya mmoja utakatika, na atakayelifungua boksi hilo huenda akawa yule mtoto wa miaka tisa, akiwa ameshakua na ana chuma cha kulehemu mkononi. Muachie pa kuanzia.